Sahani ya Ishirini na Tano

Migosi, Kisumu
10 Machi 1996

Shemeji yangu Nekoye,

Ninakuandikia baada ya ibada, nikiwa mzima wa mwili isipokuwa goti la kushoto. Natumaini wewe, mumeo Bwana Waliaula na miwa yenu huko Muhoroni mnaendelea vyema. Binti yangu Metrine amejifungua mtoto wa kike huko Webuye, nao wamempa jina la dada yako, marehemu Nabalayo. Nilipopewa habari hiyo kwa simu nilitokwa na machozi, kisha nikamwomba radhi muuguzi aliyekuwa upande wa pili, ingawa hakuweza kuniona.

Uniwie radhi pia kwa jambo ninalotaka kukueleza, maana si la umri wangu. Unajua kwamba kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa karani wa alama katika klabu ya shabaha hapa ufukoni. Nilikuwa nikiketi kwenye kiti kirefu nyuma ya wapigaji watano, na kila sahani ya udongo iliporushwa kutoka shimoni, niliandika mstari kwa aliyeivunja na sifuri kwa aliyeikosa. Januari nilistaafu. Katibu wetu, Bwana Yahya, alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba klabu haitanipa saa ya ukutani. Badala yake ilinipa uanachama wa heshima, pamoja na ruhusa ya kutumia bunduki ya klabu kila Jumamosi. Nilikusudia kukataa kwa adabu, lakini mdomo ukasema, "Asante sana." Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeitamani siku hiyo tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Nimeandika mistari ya watu wengine hata vidole vikapinda. Nilitaka na mimi niandikiwe.

Wazee wa Kanisa la Marafiki waliniita kuniuliza mtu wa amani anatafuta nini kwenye bunduki. Niliwaeleza kwamba sahani haina damu, haina manyoya, wala haiachi mjane. Wakaniombea, wakaniruhusu.

Sasa aibu yenyewe. Katika sahani ishirini na tano, ninavunja sita. Tena mwaka huu magugu maji yamefunika ziwa mbele yetu, hivyo sahani ninazokosa hazizami. Zinalala juu ya majani zikiwa nzima, na rangi yao ya machungwa, kila apitaye akiziona. Mama Saumu, anayeuza samaki karibu na klabu, huziokota bendera nyekundu ikishateremshwa, akaenda kuwekea koroboi. Juzi aliniita mbele ya wateja wake: "Mzee Absalom, ubarikiwe! Nimepata kumi na tisa. Jumamosi ijayo uniongezee, dada yangu pia anataka."

Wanachama wetu wamepungua, na Bwana Yahya ameniweka mtu wa tano katika kikosi kitakachopambana na Muhoroni tarehe tano Oktoba, huko kwenu. Lakini kamati imetoa sharti: nisipofikisha sahani kumi na tano kabla ya Agosti kwisha, watamwazima mtu kutoka Nakuru, nami nitarudi kwenye kiti cha karani. Shemeji, sitaki kurudi kwenye kile kiti. Wewe ulikuwa sajini wa magereza na umefundisha watu wengi shabaha. Naomba msaada wako, na naomba radhi kwa kuuomba.

Wako kwa heshima,
Absalom Wabwire

Muhoroni
24 Machi 1996

Shemeji Karani,

Sisi wazima. Ng'ombe wetu amezaa ndama dume, mvua bado inatuzungusha. Waliaula anakusalimu na anauliza kama bado unakunywa chai bila sukari kama mtu anayefanya toba. Hongera kwa mjukuu. Jina hilo litamfanya awe msemaji, mjiandae.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka mpaka Waliaula akatoka mbio zizini kuuliza ni nani amekufa. Sita! Shemeji, hata ukifunga macho bahati peke yake ingekupa saba.

Sasa sikiliza, huyu ni sajini anaongea. Macho yote mawili yawe wazi. Shavu likae juu ya kitako cha bunduki kama limegandishwa na gundi, lisitoke hapo mpaka sahani ianguke. Uzito uwe mguu wa mbele, goti liume lisiume. Mtutu uifuate sahani, uipite, ndio ufyatue, na mkono uendelee kwenda hata baada ya mlio. Ukisimamisha mtutu, marisau yote yatapita nyuma ya sahani na kwenda kusalimia samaki. Nyumbani huna bunduki, basi chukua mpini wa jembe, simama mbele ya kioo, inua mpaka shavuni mara hamsini kila asubuhi.

Lakini nina wasiwasi. Mtu aliyetazama wenzake wakikosa kwa miaka ishirini na miwili anayajua haya yote. Kuna kitu unakifanya na hujui kwamba unakifanya. Niandikie hatua zote, kuanzia unaposimama mahali pako mpaka sahani inaanguka. Usiache hata chafya.

Nekoye

Migosi, Kisumu
14 Aprili 1996

Shemeji yangu Nekoye,

Salamu za Pasaka, ijapokuwa zimechelewa kwa wiki moja, kosa ambalo ni langu. Mjukuu anaendelea kunenepa. Metrine anasema analia kwa sauti ya kuamuru, na nilipousikia mlio huo kwa simu nilimkumbuka dada yako akiniita nilete kuni.

Mpini wa jembe nimeutii. Siku ya tatu jirani yangu, Bi Rehma, alichungulia juu ya ua. "Mzee, unapigana na nani humo ndani?" Nilimjibu kwamba ni mazoezi tu. "Mazoezi ya kulima ukuta?" akauliza, na sasa kila asubuhi ananiuliza mahindi ya ukutani yameota wapi.

Uliniagiza nisiache hata chafya. Hatua zangu ni hizi. Ninasimama mahali pangu na kuwasalimu wenzangu wanne kwa zamu, maana si vizuri kufyatua risasi kando ya mtu ambaye hujamjulia hali. Ninatia risasi. Ninainua bunduki na kulaza shavu kama ulivyoelekeza. Kisha ninaiomba sahani. Wengine hupaza sauti, "Vuta!" kana kwamba wanafukuza mbwa jikoni. Mimi siwezi. Anayevuta mtambo huko shimoni ni Bwana Ogola, mtu wa rika langu, na tumefanya kazi pamoja tangu mwaka wa sabini na nne. Kwa hiyo ninageuka kidogo upande wake, nisije nikamsemesha kama ukuta, nami nasema, "Tafadhali, Bwana Ogola, naomba moja." Yeye hunijibu, "Haya Mzee Absalom, hiyo yaja," kisha anaivuta. Mimi ninaitikia, "Asante," ninageuka, na hapo ndipo ninapopiga. Ikiwa nimekosa, ninampa pole, kwa kuwa ameisumbukia bure.

Nimeyapitia yote haya mara mbili na sijaona neno lisilo la kawaida. Huenda ni miwani.

Wako kwa heshima,
Absalom Wabwire

Muhoroni
2 Mei 1996

Shemeji,

Sisi wazima, ndama mzima, mvua imekuja. Salamu zimeisha, sasa nipe nafasi nipige kelele.

Miwani! Sahani inaruka kama jiwe la kombeo na wewe uko katikati ya mazungumzo! Shavu umeliweka vizuri, halafu unaliondoa ili useme asante. Unapogeuka kuitafuta, imeshafika nusu ya ziwa. Nimemsomea Waliaula barua yako naye akalazimika kuketi chini. Anasema ingekuwa vita, ungemwomba adui akae vizuri kwanza. Dada yangu alizoea kusema kwamba mlango ukikugonga, wewe ndiye unayeuomba radhi. Nilidhani ni utani.

Najua siwezi kukubadilisha kwa barua. Misheni ilikukunja ukiwa mbichi, umekauka hivyo. Mtu wa rika lako huwezi kumwamuru bila kumwomba, basi mwombe, lakini umwombe mara moja tu. Nenda nyumbani kwake umevaa koti, na zawadi mkononi, kama mtu anayekwenda kuposa. Mwombe radhi kwa kila amri utakayompa msimu huu wote, zote kwa jumla. Akikubali, mmemaliza. Uwanjani utasema neno moja, "Vuta," na shavu halitoki. Asante zako mpelekee jioni kwa pamoja.

Nekoye

Migosi, Kisumu
9 Juni 1996

Shemeji yangu Nekoye,

Ninamshukuru Mungu kwa afya na kwa mvua. Mjukuu ameanza kucheka, hasa akioneshwa picha yangu. Sijauliza sababu.

Nilikwenda Obunga kwa Bwana Ogola Jumapili iliyofuata barua yako, nikiwa na koti, kilo mbili za sukari na majani ya chai. Mkewe alipoona koti aliita, "Baba, kuna msiba! Mzee Absalom amekuja na koti!" Nilimtuliza, tukaketi, nami nikaeleza haja yangu kwa utaratibu, nikianzia mwaka wa sabini na nne. Bwana Ogola alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mzee, kumbe ulikuwa unateseka? Mimi nilidhani unapenda maongezi. Niko chini kwenye shimo, jasho machoni, sahani mkononi, halafu nasikia 'tafadhali' nami lazima nijibu, si nitaonekana sina adabu? Wewe niite hata mbwa, mradi uvunje hiyo kitu! Huko kwenye kantini wananicheka kwamba rafiki yangu anapigia mama samaki."

Mkewe akadakia kutoka jikoni: "Huyo Ogola aniambie tafadhali mara moja kabla sijafa, nami nitakuja kumvutia hiyo mashine bure."

Jumamosi iliyofuata nilisimama na kusema neno lile. Lilitoka dogo kama chafya ya paka, lakini Bwana Ogola alilisikia, na sahani ikavunjika. Siku hiyo nilivunja kumi na moja. Jana nilivunja kumi na nne. Bado moja tu nifikie sharti la kamati. Mama Saumu amenilalamikia hadharani kwamba nimewatia watu gizani.

Naomba kuuliza jambo moja. Bwana Yahya anasikia kwamba Muhoroni wamempata mpigaji mpya, hatari sana. Je, unamfahamu?

Wako mwenye shukrani,
Absalom Wabwire

Migosi, Kisumu
21 Julai 1996

Shemeji yangu Nekoye,

Natumaini mu wazima. Wiki sita zimepita bila jibu lako, nami nimeipitia nakala ya barua yangu ya mwisho nikitafuta neno ambalo huenda lilikukwaza. Sikulipata, lakini naliomba radhi hata hivyo.

Sitakuchosha. Jana nilivunja kumi na sita. Hakuna mwingine ambaye ningependa asikie kwanza.

Wako,
Absalom Wabwire

Muhoroni
18 Agosti 1996

Shemeji,

Hujanikwaza. Sisi wazima. Ni shughuli tu, hasa Jumamosi. Kila Jumamosi nina shughuli.

Kumi na sita! Nilimwambia Waliaula, naye akaenda kuwaambia ng'ombe.

Kuhusu wapigaji wa Muhoroni, ni watu wa kawaida, kila mmoja ana mikono miwili. Wewe jishughulishe na uwanja. Huku hakuna ziwa. Mtapiga kuelekea shamba lililokatwa miwa, na nyuma yake kuna miwa mibichi imesimama kama ukuta. Sahani ya rangi ya machungwa juu ya kijani unaiona mapema, kwa hiyo utashawishika kufanya haraka. Usifanye haraka. Na sahani za huku hupita chini kuliko za kwenu, basi mtutu uanze chini. Maji ya kunywa beba mwenyewe.

Nekoye

Migosi, Kisumu
8 Septemba 1996

Shemeji yangu Nekoye,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mzima, na Metrine na mtoto ni wazima.

Mnamo tarehe thelathini na moja Agosti, siku ya mwisho ya sharti, nilivunja kumi na saba mbele ya kamati nzima. Bwana Ogola alipanda kutoka shimoni kunishika mkono, kinyume cha kanuni. Mimi ni mtu wa tano wa Kisumu.

Kwa kuwa hati yangu inasomeka, Bwana Yahya alinipa orodha ya pande zote mbili niinakili. Nilipofika kwa mtu wa tano wa Muhoroni, kalamu ilisimama. Imeandikwa: N. Waliaula, sajini mstaafu.

Shemeji, mtu wa tano wa kwetu atasimama ubavuni mwa mtu wa tano wa kwenu. Umenifundisha kwa miezi sita. Wewe ni mdogo wake Nabalayo, uliyenipokea mlangoni siku niliyokuja kuposa. Sioni nitakavyoinua bunduki kushindana nawe na kubaki mtu mwenye heshima. Niko tayari kujitoa. Au, ikiwa kujitoa kutaharibu mashindano, ninaweza kupunguza bidii kidogo bila mtu yeyote kujua. Naomba uniambie ni lipi litakalokupendeza.

Wako kwa unyenyekevu,
Absalom Wabwire

Muhoroni
15 Septemba 1996

Absalom,

Hakuna salamu leo.

Najua unajiuliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu nilijua utaandika barua ile ile uliyoiandika.

Nimestaafu miaka saba. Hapa nikienda mkutanoni wananipa kiti. Nikibeba debe wananipokonya. Shikamoo mama, pumzika mama, pole mama. Timu ilinichukua kwa sababu mtu wao alianguka na pikipiki, na hata sasa nikivunja sahani wananipigia makofi kama mtoto aliyesoma shairi. Nilikufundisha ili siku moja asimame mtu kando yangu anayetaka kunishinda kweli kweli. Nimekuandaa miezi sita, halafu unaniletea kiti kingine!

Ukikosa sahani hata moja kwa adabu, nitajua. Na nikijua, sitakuandikia tena maisha yangu yote. Siku ya mazishi yako nitamtuma Waliaula.

Njoo upige.

Nekoye

Muhoroni
7 Oktoba 1996

Shemeji,

Natumaini mlifika salama. Sisi wazima, wageni wote wameondoka, na mbuzi aliyebaki ni pembe tu.

Sahani tisini na nane kwa tisini na saba. Wenzangu walinibeba mabegani kuzunguka uwanja, na hakuna hata mmoja aliyeniambia pumzika mama. Mimi ishirini, wewe kumi na tisa. Nilitakiwa nilale kama mfalme. Sijalala vizuri tangu Jumamosi, na sababu ni wewe.

Nilikuwa nimemaliza zangu zote. Ulikuwa umebaki na ile ya ishirini na tano. Ulipiga, na sahani ikafuka vumbi. Mimi niliona vumbi, lakini jua lilikuwa machoni. Sheria tunaijua sote: lazima kipande kionekane kikitoka, vumbi peke yake halihesabiki. Mwamuzi akasitasita. Akageuka akakuuliza wewe, jambo ambalo hafai kumuuliza mpigaji, lakini nchi hii yote inajua wewe ni karani wa miaka ishirini na miwili: "Mzee, umeona nini? Kipande kimetoka?" Nawe ukasema, "Vumbi tu. Andika sifuri."

Waliaula anaapa aliona kipande. Ungesema neno moja, ingekuwa sare, na mimi na wewe tungerudi kupiga peke yetu mpaka mmoja ashindwe. Badala yake ulinipa mkono, ukanipongeza, ukapanda gari kabla ya chai. Wewe! Kabla ya chai!

Nakuuliza mara moja tu, na nataka jibu la kweli. Ile sahani ulinipa?

Nekoye

Migosi, Kisumu
13 Oktoba 1996

Shemeji yangu Nekoye,

Tulifika salama, na goti limetulia. Mjukuu ameota jino moja. Mfikishie Bwana Waliaula shukrani zangu. Aliona alichotamani kukiona, na ni mume wa mpinzani, kwa hiyo wema wake ni mara mbili.

Sikukupa.

Nilikuwa na macho yote mawili wazi na shavu mahali pake, na nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote uwanjani. Hapakuwa na kipande. Mwaka wa themanini na moja nilimwandikia daktari mmoja sifuri kwa vumbi kama lile. Alitupa kofia yake ziwani, na hakunisalimu kwa mwaka mzima. Nimewaandikia hivyo mahakimu, wafanyabiashara na mchungaji mmoja. Ningesema nimeona kipande Jumamosi ile, basi zile kumi na tisa nilizovunja kwa haki nazo zingegeuka vumbi, nami nisingekuwa na hata moja ya kumsimulia mjukuu.

Wala usidhani niliikosa kwa adabu. Ngoja nikueleze nilivyoikosa, kwa sababu wewe ndiwe mwalimu. Sahani ilitoka upande wa kulia, ikipita chini kama ulivyoniandikia. Niliifuata, nikaipita. Nilikuwa nimeshaipata, Nekoye. Na katika nukta ile ile nikakuona kwa pembe ya jicho, umesimama na bunduki yako begani, nikawaza moyoni: nimemfikia, na katika marudio nitamshinda. Hapo mtutu ukasimama. Marisau machache ya pembeni ndiyo yaliyoigusa. Sikuikosa kwa heshima. Niliikosa kwa tamaa ya kukushinda.

Kuhusu chai, niliondoka kwa sababu nilikuwa na hasira. Nina miaka sitini na saba na sikuwahi kuwa na hasira ya namna ile. Sikujua mtu huifanyia nini mbele ya watu, na niliogopa kuvunja kikombe chako. Iliniishia tulipofika Ahero, na nakiri kwamba ilipokwisha niliikosa kidogo.

Kamati imekubali tuwaalike mje kwetu Jumamosi ya kwanza ya Februari. Nimeandikwa mtu wa tano tena, na nimemwomba Bwana Yahya ahakikishe jina lako liko kando ya langu. Chai itakuwepo, yenye sukari kwa ajili ya Bwana Waliaula. Inafaa ujue kwamba saa nane mchana upepo huanza kutoka ziwani, na huinua sahani ghafla zikishapita ukingo wa maji. Zinainuka kiasi gani, hilo nimelijua kwa miaka ishirini na miwili, na sitakuambia.

Mpinzani wako,
Absalom Wabwire